Kiambatisho Kisichoombwa

Msimu wa hati za kodi ulipoanza, chumba cha Enesia Luvanda kilijaa watu kuliko zahanati. Walikuja na makoti mazito na kofia za sufu, wakaketi kwenye benchi kando ya ukuta, kila mmoja ameshika kete yake. Kete ilikuwa kipande cha kioo, ukubwa wa kifungo cha koti. Ukiigusisha kwenye mashine ya nyumbani ilibeba barua pepe pamoja na kiambatisho chake, bila kukifungua. Ndiyo ilikuwa desturi pale Ilevelo, mji wa juu kabisa nyanda za kusini: hati ya kodi haifunguliwi nyumbani. Hupelekwa kwanza kwa mfunguzi.

Enesia ndiye aliyekuwa mfunguzi. Kuta za chumba chake zilikuwa zimefunikwa mabati ya shaba, wimbi lolote la mawasiliano lisiingie wala kutoka. Katikati palikuwa na meza, na juu ya meza nyumba ya mfano ambayo mumewe, Yoramu, aliichonga kwa mbao za msindano. Ilikuwa na mlango, mita ya maji, ghala na kipasha joto, na kwenye kila kimoja taa ndogo ya kuonyesha kama kimeguswa. Ndani yake aliishi mtunza, akili ileile iliyoendesha kila nyumba mjini, ila huyu alikuwa amedanganywa. Aliamini kabisa kwamba yumo kwenye nyumba ya kweli, yenye baba na mama na magunia ya viazi.

"Maskini wa Mungu," Yoramu alisema siku alipoiweka pale. "Anatunza watu wasiokuwepo."

Kazi hiyo ilikuwa na sababu. Tangu Hazina ya Nyanda iache kuwajazisha watu fomu, hati ilikuja na kiambatisho kilichofanya kazi chenyewe. Ukikifungua, kiliingia kwa mtunza, kikaisoma mita, kikatazama mavuno, kikapiga hesabu na kurudi Hazina na jibu kabla chai haijapoa. Watu walikipenda. Lakini mlango uliomwingiza mkadiriaji ungeweza kumwingiza na mwizi, na mtunza ndiye aliyeshika maji, kufuli na moto wa nyumba nzima. Mahali ambapo mwezi wa Juni maji huganda ndooni, hilo si jambo dogo.

Asubuhi hiyo aliyekuwa mbele alikuwa Bibi Tusekile, mjane mcheshi aliyefuga kondoo nyuma ya kanisa.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, Bibi. Umetuletea nini leo?"

"Hazina wameniandikia. Yaani wananijua, wee! Wamewataja mpaka kondoo wangu kwa majina."

Enesia alicheka, akaiweka kete kwenye kizingiti cha nyumba ya mfano. Taa ya mita ikawaka, ikazima. Taa ya ghala ikawaka, ikazima. Kiambatisho kikatulia, na kwenye kioo kukatokea maneno: Asante kwa ushirikiano wako. Kilikuwa na adabu zote. Anwani ya aliyetuma ilikuwa sawa kwa kila herufi. Mfunguzi mwenye haraka angegonga muhuri na kumwita anayefuata.

"Bibi," alisema Enesia, "kondoo wako uliwaandikisha Hazina lini?"

"Kondoo wa nyumbani wanaandikishwa tangu lini?"

"Sasa hayo majina wameyapata wapi?"

"Hata mimi nilijiuliza. Nikasema labda ndiyo serikali ya siku hizi."

Enesia aliizungusha saa ya nyumba ya mfano. Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya mtunza aliyedanganywa: ungeweza kumpa jioni, ukampa usiku, ukampa asubuhi, yote ndani ya dakika chache. Jioni haikuleta kitu, wala usiku. Akamshushia na baridi, akamfanya aamini kwamba nje maji yameanza kuganda. Hapo taa ya kipasha joto ikazima. Taa ya mlango ikageuka nyekundu, na sauti nyembamba ikasema kutoka kwenye ile nyumba ya mbao, "Nyumba hii imefungwa kwa ajili ya kodi. Mwenye nyumba, gusa hapa ukubali masharti, moto urudi."

Watu wa benchini wakasogea kutazama.

"Kinangoja baridi," Enesia alisema taratibu, akiichomoa kete. "Kinaingia, kinakaa kimya, kinangoja baridi." Wote walijua utabiri wa hali ya hewa: alfajiri ya kesho, jalidi. "Bibi, hiki ulikifungua nyumbani?"

Bibi Tusekile aliangalia viatu vyake. "Nilikifungua, mwanangu. Jina langu lilikuwa limeandikwa vizuri mno. Nimekileta hapa ili unigongee muhuri tu."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo mke wa Kyando akanishukuru kwa barua ya Hazina niliyomtumia. Nami sikumtumia barua."

Mzee mmoja benchini aliinua kete yake akaitazama kama mtu aliyeokota nge. Barua iliyokuwamo ilikuwa imetoka kwa mke wa Kyando.

Enesia alitoka nje, akapiga simu Hazina. Hakutumia namba iliyokuwa kwenye barua. Alitumia ile iliyopakwa rangi juu ya mlango wake, aliyoiandika mwenyewe siku alipokwenda ofisini kwao kuiomba. Akapokea kijana mwenye sauti ya upole. "Ilevelo? Hati zenu hatujazituma bado, mama. Tunaanza nanyi wiki ijayo."

Lutengano alifika na mfuko wake wa vifaa. Alikuwa mhandisi wa joto wa mji, mdogo wake Yoramu, na kwa Enesia alikuwa shemeji wa utani mwingi. Siku hiyo hakutania. Aliketi mbele ya nyumba ya mfano, akakifungua kile kiambatisho tena na tena, akakifuata kinapopita na kinapojificha. Mchana ulipogeuka alikuwa na jibu.

"Shemeji, njoo uone." Aliweka kete yake kizingitini. Taa zote zikapepesa mara moja, kisha zikatulia kijani. Akamshushia mtunza baridi kali. Kipasha joto kikaendelea kuwaka.

"Umekitoa?"

"Nimekitoa, na njia yake nimeiziba." Macho yalimng'aa kwa furaha ya fundi. "Sasa sikia. Kile kibaya kilipita kwa kuvaa nguo za Hazina. Nami dawa nimeivisha zilezile. Jina la mwenye nyumba, salamu, kila kitu. Aliyefungua kile atafungua na hiki. Nikituma sasa hivi, kabla watu hawajarudi kutoka shambani mji mzima umepona, na hakuna atakayejua kwamba aliugua."

Enesia aliitazama ile kete. Kazi ilikuwa safi. Hakuwahi kuona kiambatisho kinachoingia kwenye nyumba na kutoka bila kuacha hata vumbi.

"Kwa hiyo tuwadanganye," alisema.

"Tuwaponye."

"Kwa kuwadanganya. Miaka yote hii nimesimama kanisani, nimesimama sokoni, nimewaambia wasifungue wasichokiomba. Anayekuharakisha, mwache asubiri. Uliza kwa njia unayoijua mwenyewe. Leo mimi ndiye niwaandikie kwa jina lisilo langu?"

"Ni mara moja tu, shemeji."

"Na mwaka kesho akija mwingine mwenye dawa yake? Atasema hata Enesia alifanya."

Lutengano alishusha sauti. "Kwa Ilomo kuna kichanga. Mama yake Kyando ana kifua. Nyumba hizi hatukuzijengea meko, tuliambiwa vipasha joto vinatosha. Ukienda mlango kwa mlango, utamkosa mmoja. Huyo mmoja utamwambia nini?"

Hilo lilimwingia. Alikaa chini. Alikifikiria kile kichanga, alichokibeba Jumapili iliyopita kikiwa chepesi kama mkate. Aliwafikiria na watu wenyewe, watu wazima, kila mmoja ndani ya nyumba yake, na mtu akipenya kuta zao usiku na mchana kwa sababu anawatakia mema. Alijaribu kuona mahali ambapo mambo hayo mawili yangekutana, asipaone.

"Ivue hizo nguo," alisema mwishowe. "Iandike jina lako na langu, na kazi inayofanya. Halafu tengeneza kete nyingi uwezavyo. Kila mtu ataiweka kwa mkono wake."

"Na wasioamini?"

"Waje hapa waone."

"Na wasiokuwepo?"

Enesia alikwishashika koti.

Redio ya mji ilitangaza. Wale wa benchini wakawa wa kwanza kubeba kete, na Bibi Tusekile mbele yao, akigonga milango kwa fimbo ya kuchungia na kupaza sauti, "Ni mimi niliyewaambukiza, fungueni niwaombe radhi!" Watu walitoka wakicheka, wakasikiliza, wakaacha kucheka, wakaweka dawa kizingitini. Kwa Ilomo, mama wa kichanga aliiweka huku mtoto akiwa mgongoni, kisha akamkaribisha Enesia uji. Enesia akaunywa akiwa amesimama, na ulikuwa mtamu ajabu.

Jua lilikuwa limeanza kulala Enesia na Lutengano walipofika kwa Kyando, mwalimu mstaafu aliyekuwa haambiliki. Alizungumza nao kupitia dirisha lililofungwa.

"Siweki."

"Mwalimu, ni mimi Enesia."

"Nakuona. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba anayekuharakisha tumwache asubiri. Sasa unaniharakisha. Umeniletea kitu nisichokiomba, unaniambia nikifungue haraka, nisipofungua nitapatwa na baya. Hivi kweli, Mama Enesia, ungekuwa ni mimi ungefungua?"

Enesia hakujua acheke au alie. Hakuwahi kuwa na mwanafunzi bora kuliko huyu.

Lutengano alimvuta kando. "Shemeji, hapa nilipo niko karibu na ukuta wake. Njia ya kile kibaya bado iko wazi. Nusu dakika tu niipitishe dawa humo, mama yake analala salama, naye anaendelea kujiona mshindi."

Kupitia dirishani walimsikia bibi kizee akikohoa, kikohozi kirefu kisichotoka. Enesia aliusikia mwili wake wote ukisema ndiyo.

"Hapana," alisema, akarudi dirishani. "Mwalimu, una haki. Usiiweke. Chukua kete yako mwenyewe, ubebe ile barua iliyowafikia hapa nyumbani, uje nayo kwangu. Usiniamini mimi. Tazama taa."

Kyando alifikiri. Kisha akatoka, amevaa makoti mawili, akatembea polepole kwa makusudi, kama anayewaonyesha kwamba haharakishwi na mtu. Chumbani aliiweka kete yake mwenyewe. Akaizungusha saa mwenyewe, akashusha baridi mwenyewe. Taa ya kipasha joto ilipozima, na ile sauti nyembamba ilipomtaja yeye kwa jina lake lote, aliondoa kofia.

"Nipe hiyo dawa," alisema.

"Nayo ijaribu kwanza," Enesia alimwambia, akimsogezea kiti. "Ndivyo tunavyofanya humu."

Aliijaribu mara mbili. Halafu akatoka mbio, mwalimu mzima, makoti yakipepea nyuma yake.

Ilibaki nyumba moja. Ilikuwa ya Sanga, mkulima wa mbegu za viazi, aliyekwenda Mbeya na mkewe kumwoza mdogo wake. Nyumba haikuwa na mtu, ila Sanga, kwa kupenda urahisi, alikuwa amemruhusu mtunza wake kufungua barua zote za Hazina bila kumwuliza. Simu yake iliita bila kujibiwa. Huko Mbeya bila shaka ngoma zilikuwa zimepamba moto.

"Hapa hakuna wa kumwuliza," Lutengano alisema langoni. Safari hii hakubishana. Alikuwa ameshika kete kiganjani, akimtazama tu. Ndani ya ghala lile mlikuwa na mbegu za msimu mzima, zilizowekewa joto dogo zisigande.

Enesia alishika nguzo ya lango, chuma kikamchoma kwa ubaridi. Ndani hapakuwa na mtu wa kufa. Palikuwa na jasho la mwaka la mtu, na mwenyewe hayupo kusema ndiyo wala hapana. Angeingia kwa Sanga kwa sababu tu Sanga hawezi kukataa?

"Siingii," alisema, na sauti yake haikuwa na uhakika wowote. "Lakini nje ya ukuta ni kwa wote. Waite watu."

Walikuja na majani makavu ya ngano, na maturubai, na mablanketi ya zamani. Walilifunika ghala la Sanga kutoka chini hadi paani, mpaka likawa kama kichuguu. Kyando naye alikuja, akapanga majani kwa utaratibu wa daftari la shule, akiwafokea waliopanga vibaya.

Asubuhi nyanda zote zilikuwa nyeupe. Nyasi zilivunjika chini ya viatu kama biskuti. Enesia alipita mtaa kwa mtaa kabla ya kunywa chai, akiangalia madirisha, na kila dirisha lilikuwa na ukungu wa joto kwa ndani. Watoto walichora nyuso kwenye vioo. Kwa Ilomo kichanga kililia kwa afya njema. Kwa Kyando, bibi kizee alimpungia mkono kutoka kitandani. Enesia akapunga naye, kisha akageuka upande, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Sanga alirudi saa za adhuhuri, bado na tai ya harusi shingoni, mkewe Atupele amebeba sinia lililofunikwa. Waliikuta nyumba yao ikitaja kodi kwa sauti nyembamba, na ghala limevaa mablanketi. Enesia alikuwa akiwangoja langoni. Hakutaka waelezwe na mtu mwingine. Alimpa Sanga dawa, akamwambia inafanya nini, Sanga akaiweka. Mlango ukafunguka, na wakaenda pamoja ghalani.

Kreti za ndani zilikuwa salama. Zile za karibu na mlango zilikuwa zimeganda na sasa zilikuwa zikiyeyuka. Viazi vilikuwa vyeusi na laini, vikitoa maji. Sanga alikiinua kimoja kikamminyikia mkononi.

"Hii dawa," alisema, "jana ungeweza kuituma humu?"

"Ningeweza."

"Bila mimi kuwepo?"

"Bila wewe kuwepo. Lutengano alikuwa pale langoni ameishika. Mimi ndiye niliyekataa."

"Ningekuwa na mbegu zangu zote."

"Ungekuwa nazo zote."

Sanga alitoka nje, akasimama amewapa mgongo. Atupele aliweka sinia chini akaanza kutenga viazi, vizuri huku, vibovu kule. Enesia aliinama kumsaidia. Hakujitetea. Alikuwa ameyatafuta maneno njia nzima na hakupata hata moja lisilosikika kama la kujikosha.

Sanga aliyatazama majani yaliyozunguka ghala lake. Akalitambua blanketi la Bibi Tusekile, na turubai la Kyando, ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu ugomvi wa mpaka. Alivua tai akaitia mfukoni, akaingia ndani.

"Mtunza," aliita.

"Naam, mwenye nyumba," nyumba ikajibu.

"Kuanzia leo usifungue barua ya mtu yeyote mpaka niwepo. Hata ya Hazina."

"Nimesikia. Na ukiwa safarini?"

Sanga alimtazama Enesia. Bado alikuwa na hasira, ilionekana kwa jinsi taya zake zilivyokaza. "Nikiwa safarini, Mama Enesia ana ruhusa ya kuingia."

"Kwa shughuli gani?"

"Yoyote atakayoona inafaa."

"Hapana, Baba," Enesia alisema haraka, akinyoosha mgongo. "Usiniachie hivyo. Taja moja moja."

Sanga alimkodolea macho, halafu kitu fulani kikalegea usoni mwake. "Mama, una vurugu wewe. Haya. Moto."

"Moto," nyumba ikarudia.

"Maji. Ghala."

"Maji. Ghala. Na mlango wa mbele?"

Sanga alifikiri. "Mlango wa mbele bado tutazungumza."

Atupele aliangua kicheko pale chini alipochutama, kicheko kikubwa, mpaka akashika kreti asianguke. Enesia akacheka naye, na Sanga, akiwa bado amenuna, akavuta kreti nyingine katikati yao. Alichuchumaa, akakunja mikono ya shati jeupe la harusi, akaanza kutenga. Atupele alifunua sinia, pilau la harusi likatoa harufu ghala zima, akamsogezea Enesia kwanza.

"Kula, dada," alisema. "Kazi hii ni ya mpaka jioni."